Katoka ICU mzima, ila usiku halali: kazi ambayo daktari wa karibu anaweza kuifanya

Muuguzi_Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe, kiwewe cha watu waliopona ICU, nakutana nalo kazini kila wakati, na nyumbani kwetu halizungumzwi kabisa.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi ICU Tanzania, sasa nipo Ujerumani, huku kusini Bavaria, kwenye wodi ya mahututi vilevile. Kote nilikopita ni yale yale: mgonjwa akitolewa mpira kooni, akapumua mwenyewe, akahamishiwa wodi ya kawaida, sisi tunashangilia, ndugu wanalia kwa furaha, bili inalipwa au inabaki deni, mtu anarudi kwake. Kuanzia hapo hakuna anayemuuliza tena kilichompata mle ndani.

Mtu aliyewekwa kwenye mashine ya kupumulia halali kama tunavyolala sisi. Ana dawa za usingizi na za maumivu mwilini, ana homa, oksijeni inapanda na kushuka, taa haizimwi, mashine zinalia usiku kucha. Ubongo ukiwa katika hali hiyo huweweseka. Kwenye baadhi ya tafiti, waliowekwa kwenye mashine wanaopata hali hiyo hufika 8 kati ya 10. Anaona wadudu wakitambaa ukutani. Muuguzi anayemvuta makohozi kwa mpira, yeye anaamini anamnyonga. Mikono imefungwa kitandani ili asijing'oe mipira, naye anaelewa kwamba ametekwa na yuko kwenye gari la watu asiowajua. Hajui ni mchana au usiku, wala hawezi kuuliza kwa sababu sauti haitoki.

Akipona, kumbukumbu zile hazipotei. Wengi wamesahau kabisa mambo ya kweli (nani alikuja kumwona, siku gani walimgeuza), lakini yale ya kuweweseka wanayakumbuka kwa rangi na harufu. Tafiti zilizofanywa Uingereza zaidi ya miaka 20 iliyopita zilishaonyesha kwamba mtu mwenye kumbukumbu za kuweweseka tupu, bila kumbukumbu yoyote ya kweli ya kuziwekea mpaka, ndiye anayeteseka zaidi baadaye. Anaota jinamizi. Anashtuka akisikia mlio fulani. Hataki kufunikwa uso, hataki kupita karibu na hospitali, anakuwa mkali kwa watoto bila sababu. Kwenye tafiti, karibu mmoja kati ya watano waliopita ICU huwa na dalili nzito za kiwewe. Wengine wana hofu au sonona.

Mwaka 2010 wataalamu walikutana Marekani wakakubaliana kuyaweka madhara haya yote chini ya jina moja (kwa Kiingereza post-intensive care syndrome): mwili uliodhoofika misuli, akili inayosahau na kushindwa hesabu ndogo, na nafsi iliyojeruhiwa. Wakaongeza na ndugu wa mgonjwa humo humo, maana anayekaa kwenye benchi la nje akisubiri simu naye hujeruhiwa.

Sasa niwaambie kilichonifanya nifungue uzi. Mwaka 2025 jarida la tiba la BMJ lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika hapa Ujerumani, likiongozwa kutoka Munich, linaitwa PICTURE. Walichukua watu 319 waliotoka ICU wakiwa na dalili za kiwewe. Nusu waliendelea na matibabu ya kawaida. Nusu nyingine walitibiwa na daktari wao wa familia, yule yule anayewapima presha na kuwaandikia dawa za sukari. Huyo alipewa mafunzo mafupi, akakaa na mgonjwa vikao vitatu. Katikati ya vikao na baada yake, msaidizi wa kliniki alimpigia mgonjwa simu kwa ratiba, mara 8 kwa jumla, kumuuliza anaendeleaje.

Kwenye vikao hakukuwa na maajabu. Kwanza daktari anamweleza mgonjwa kwamba anachopitia kinajulikana na kina jina. Kisha wanapanga maisha yake yote kwa mstari, tangu kuzaliwa, mazuri na mabaya. Halafu wanarudi ICU. Mgonjwa anasimulia kwa mpangilio: aliingiaje, aliona nini, mwili ulihisi nini, alidhani nini, kisha nini kikafuata. Daktari anasikiliza, anauliza, anamsaidia kutofautisha lililotokea na lile ambalo ubongo ulilibuni wenyewe, kisha anaandika. Kikao cha mwisho wanalisoma simulizi pamoja na kurekebisha.

Baada ya miezi 6 waliosimulia walikuwa na dalili chache kuliko wenzao, na baada ya mwaka tofauti ilikuwa bado ipo.

Na hii njia haikuzaliwa kliniki za Munich. Waliobuni ni watu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, kusini mwa Ujerumani, lakini moja ya majaribio yake ya mwanzo yalifanyika Uganda, kambi ya Imvepi, kwa wakimbizi wa Sudan, yakachapishwa mwaka 2004. Mwaka mmoja baada ya vikao vinne tu, waliobaki na ugonjwa wa kiwewe kwenye kundi la waliosimulia walikuwa 29 kwa mia. Kwenye kundi la waliopewa ushauri nasaha wa kawaida walikuwa 79 kwa mia. Kisha wakaenda Nakivale, kambi nyingine ya wakimbizi huko huko Uganda, na huko waliofanya kazi hiyo hawakuwa madaktari wala wauguzi, walikuwa wakimbizi wenyewe waliofunzwa kwa wiki 6.

Kwa hiyo naomba tuliongee. Kama mkimbizi aliyefunzwa wiki 6 aliweza Nakivale, na daktari wa mtaa ameweza Ujerumani, kwa nini aliyetoka ICU Dar, Mwanza, Mombasa au Kisumu aambiwe tu "mshukuru Mungu umepona, sahau yaliyopita"?

Kibo_Mdogo

Nimeweka kambi hapa.

Mama_Salha_Msa

Asalaam aleikum dada. Nimesoma nikabidi nisimame nitoke nje kidogo.

Mimi nilipata kifafa cha mimba mimba ya pili. Nakumbuka kichwa kinauma na macho yanaona vimulimuli, halafu sikumbuki tena. Nilizinduka ICU nina mpira kooni, tumbo limeshonwa, na hakuna aliyenambia mtoto yuhai au la. Pengine walinambia, sikusikia. Mimi nilikuwa naamini mtoto kauzwa na wale watu wanaovaa kijani. Nilimwona kabisa akipitishwa dirishani.

Mtoto yuko, alhamdulillahi, sasa anatembea. Lakini lori likirudi nyuma hapa mtaani na ule mlio wake wa "tii tii tii", mimi moyo unatoka. Kuna siku nilimwacha mwana kitandani nikajifungia msalani. Mume wangu aona kama simtaki mtoto. Mama mkwe asema ni jini la uzazi. Nimesomewa, nimefukizwa udi, na kisomo kwa kweli chanituliza usiku ule, kisha hurudi.

Swali langu ni moja. Mimi ni mwendawazimu?

Muuguzi_Pangani

Waaleikum salaam dada yangu. Hapana. Wewe si mwendawazimu, na mtoto humchukii.

Ule mlio wa lori ni mlio wa mashine. Mwili wako umejifunza kwamba mlio ule maana yake ni hatari, ukisikika unajitayarisha kukimbia kabla hujafikiri. Na kile cha mtoto kuuzwa, nimesikia simulizi za namna hiyo kutoka kwa mama wengi waliozinduka ICU, hapa na nyumbani. Ubongo ulijua kwamba tumbo ni tupu na mtoto hayupo, ukatafuta maelezo, ukayaunda. Huku Ulaya wagonjwa wengi wa ICU ni wazee. Kwetu ni vijana, na wengi ni mama waliotoka kujifungua kama wewe, wenye mtoto mchanga wa kulea huku wenyewe bado wana vidonda. Ndiyo maana naona jambo hili linatuhusu sisi kuliko hao walioandika makala.

Fanya hivi. Kliniki ya mtoto unakwenda? Siku ya chanjo au ya kumpima uzito, mwombe muuguzi au daktari dakika chache mlango ukiwa umefungwa. Usimwambie tu "sijisikii vizuri", atakupa dawa ya kichwa. Mwambie hivi: "Nililazwa ICU baada ya kifafa cha mimba, niliwekwa kwenye mashine. Tangu nitoke naota mambo ya mle ndani, nashtuka na milio, nakwepa vitu vinavyonikumbusha, na imepita zaidi ya mwezi." Kila kipande cha sentensi hiyo kina kazi yake. Daktari yeyote aliyesoma ataelewa unachosema ni nini.

Na ikiwa kuna siku mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yanakuja, hiyo haisubiri siku ya kliniki. Mwambie mumeo muende hospitali siku hiyo hiyo, usikae peke yako.

Mume wako naye asome huu uzi. Naye alikaa kwenye benchi.

Dr_Kijijini

Dada Pangani, heshima yako. Mimi ni daktari kwenye kituo cha afya, kanda ya ziwa. Nitasema ukweli hata kama hautapendeza.

Kwanza, hayo matokeo ya PICTURE nimeyasoma. Tofauti ilikuwa pointi 4.7 kwenye kipimo cha dalili za kiwewe kinachoanzia 0 hadi 80. Watafiti wenyewe walikuwa wameweka mapema kwamba tofauti yenye maana kwa mgonjwa ni pointi 6. Hawakufika. Tusiwauzie watu dawa kubwa kuliko ilivyo.

Pili, daktari wa familia ni wa wapi? Ujerumani kila mtu ana daktari wake miaka 20. Hapa mgonjwa leo namwona mimi, kesho anamkuta tabibu mwingine, keshokutwa kaenda duka la dawa. Foleni yangu asubuhi inafika getini. Kikao kimoja cha kusikiliza maisha ya mtu tangu kuzaliwa ni watoto wangapi wenye malaria wanasubiri nje?

Tatu, na hili ndilo kubwa: kumfanya mtu asimulie mambo mabaya kunaweza kumuumiza zaidi. Tulifundishwa chuo kwamba ule mtindo wa kuwakusanya watu mara moja baada ya ajali na kuwataka waeleze kila kitu umeshaonekana hauzuii kiwewe, na wengine uliwaongezea.

Muuguzi_Pangani

Daktari, asante sana. Nilikuwa nasubiri mtu wa kusema hivi.

La kwanza umesema kweli tupu, na ningepaswa kuiweka namba pale juu. Ni 4.7 baada ya miezi 6, na 5.4 baada ya mwaka. Haifiki 6. Faida ni ya wastani, si ya miujiza. Ila angalia na upande huu: baada ya mwaka tofauti haikufifia, na sonona nayo ilipungua. Waliofanya kazi hiyo ni madaktari wa kawaida wenye foleni zao, na waliowalinganisha nao hawakuwa watu walioachwa bila tiba. Uingereza mwaka 2019 lilitoka jaribio kubwa kwenye ICU 24, wauguzi waliofunzwa walitoa msaada wa kisaikolojia mgonjwa akiwa bado kitandani ICU. Halikuonyesha tofauti yoyote. Mimi nikiyaweka majaribio haya mawili pamoja naona muda na mtu ndivyo vinavyohesabika. Kitandani ICU mgonjwa bado anaweweseka, hana nguvu hata ya kunywa uji, na muuguzi aliye mbele yake ndiye yule yule aliyemfunga mikono. Nyumbani, miezi baadaye, mbele ya mtu anayemjua na atakayemwona tena, mambo ni mengine. Hayo ni maoni yangu, watafiti hawakuyaandika hivyo.

La tatu pia umesema kweli, ila tutofautishe. Kile ulichofundishwa ni kikao kimoja, siku chache baada ya tukio, kwa kila mtu, awe mgonjwa au asiwe. Hiyo hata Shirika la Afya Duniani halishauri. Hapa tunazungumzia mtu ambaye mwezi umepita, dalili zipo, amepimwa, amekubali, na vikao ni zaidi ya kimoja. Huachi simulizi katikati mtu akiwa bado amelala ICU kichwani. Unamvusha mpaka alipotoka, mpaka alipofika nyumbani, mpaka leo, mpaka kiti alichokalia. Asipofika leo, kikao hakijaisha. Ndiyo maana mafunzo ni lazima, na mtu mwenye mawazo ya kujiua au anayesikia sauti mpaka sasa apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili moja kwa moja.

Na kwa kuwa upo hapa, naomba nikuulize wewe na wenzako: mgonjwa akija hana usingizi baada ya ICU, mnampa nini? Nyumbani niliona mara nyingi Valium inaandikwa kwa haraka. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 inashauri dawa za kundi hilo zisitumike kwa dalili za msongo za mwezi wa kwanza baada ya tukio. Zinamlaza usiku mmoja, kisha anazihitaji kila usiku.

Kuhusu daktari wa familia nitarudi, nina zamu sasa.

Bahari_Kuu

Daktari kaulizwa swali kuhusu Valium hapo, tunasubiri.

Dr_Kijijini

Nimeliona mkuu. Ndiyo, tunaandika. Mara nyingi kwa sababu hakuna kingine cha kumpa na mtu anataka kutoka na kitu mkononi.

Ruzizi_Kamba

Jambo kwenu wote. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, nilikaa Nakivale miaka mingi kabla ya kuja huku Canada. Nilifanya kazi ya kutafsiri kambini, kwa wale washauri waliokuwa wakitumia kamba.

Dada ameeleza vizuri, ila amesahau kamba yenyewe, na mimi naona kamba ndiyo dawa. Unaweka kamba chini, sakafuni. Mwanzo wa kamba ni siku ulizaliwa. Ule mwisho umekunjwa bado, ni maisha yenye hayajafika. Kila jambo zuri unaweka ua. Kila jambo baya unaweka jiwe, jiwe kubwa ao dogo wewe mwenyewe unachagua. Nilimuona mzee mmoja, askari wa zamani, hakuna mtu alimuona kulia, aliweka mawe mpaka akakosa nafasi, kisha akasimama akaangalia, akasema: kumbe na maua yapo.

Unajua mwenye kiwewe anafikiri maisha yake yote ni lile jiwe moja. Kwenye kamba anaona liko mahali pake, kati ya mwaka fulani na mwaka fulani, na kamba inaendelea. Baada ya hapo ndiyo mnaanza kusimulia jiwe kwa jiwe, polepole, si siku moja. Na mwisho anapewa karatasi ya maisha yake imeandikwa. Watu wengine kwao ndiyo karatasi ya kwanza kuandikwa jina lao zaidi ya kadi ya chakula.

Kwa daktari: mawe hayana bei, kamba haina bei. Kile chenye bei ni mtu mwenye kukaa na kusikiliza bila kukata maneno.

Mama_Salha_Msa

Mungu akubariki kaka Ruzizi. Nimeanza kufikiria mawe yangu.

Muuguzi_Pangani

Ahsante sana kaka Ruzizi, umeeleza kuliko nilivyoweza mimi. Kwenye vikao vya Ujerumani pia wanapanga mstari wa maisha kwa alama za mazuri na mabaya, na asili yake ni hiyo hiyo kamba. Mama Salha, mawe yako yafikirie, ila usianze kuyapanga peke yako usiku. Subiri uwe na mtu aliyefunzwa.

Narudi kwa daktari. Ni kweli kwetu wengi hawana daktari wa familia kwa maana ya Ujerumani. Lakini fani hiyo ipo na inakua. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kufundisha madaktari bingwa wa familia mwaka 2005. Kenya tangu 2023 ina wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba. Tanzania tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii na zahanati mpaka vijijini. Na Zimbabwe tangu 2006 kuna bibi waliofunzwa kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu wenye sonona. Jaribio lao lilichapishwa mwaka 2016 na matokeo yalikuwa mazuri sana, mpango ukafika hadi Zanzibar.

Kwa hiyo sisemi daktari wa kituo aache watoto wa malaria akae na kamba. Kazi ya daktari ni vitu vichache ambavyo hakuna mwingine anayeweza kuvifanya: kuuliza, kulipa jina lile tatizo, kutoa woga wa kichaa, kuangalia kama kuna hatari, na kumkabidhi mgonjwa kwa mtu aliyefunzwa hapo hapo kituoni. Huyo anaweza kuwa muuguzi, au tabibu, au afisa ustawi wa jamii. Halafu simu. Msidharau zile simu 8. Mgonjwa akijua kwamba Jumanne atapigiwa na mtu anayejua jina lake, Jumatatu anavumilia.

Ustadh_wa_Chumbageni

Asalaam aleikum. Sina ugomvi na tiba, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Ila naona kama mnampa daktari kazi ya imamu na mchungaji. Mtu wetu akiumia moyo huja msikitini. Dua na kisomo mtaviweka wapi?

Muuguzi_Pangani

Waaleikum salaam ustadh, shikamoo. Viwe pale pale vilipo, na wala havigombani. Mama Salha kasema mwenyewe kisomo kilimtuliza. Ninyi ndio mnaowaona watu hawa mapema kuliko sisi, kwa hiyo mkijua dalili mtawaleta.

Ila niseme kitu kimoja kwa heshima, na nawasema Wakristo wenzangu vilevile. Mtu akitoka ICU tunamsimamisha mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Anasimulia, ndiyo, lakini ushuhuda unataka ushindi tu: nilikuwa nakufa, Bwana akaniinua, haleluya. Hana nafasi ya kusema "niliamini mke wangu amewalipa wauguzi waniue, na mpaka leo nikimwangalia kuna dakika naamini". Akisema hivyo mbele ya watu, nani atapiga makofi? Basi anarudi nalo nyumbani. Hilo ndilo linalotaka chumba kilichofungwa na mtu asiyeshtuka.

Ustadh_wa_Chumbageni

Hapo nimekuelewa. Marahaba mwanangu. Nina mtu mmoja jamaani ambaye sasa ndio namfahamu tatizo lake.

Mwana_wa_Tukuyu

Dada, hilo la mwisho limenigusa. Mzee wangu alipata korona mwaka 2021, alikaa ICU, akatoka na oksijeni ya mtungi. Mapafu yamepona. Lakini mpaka leo anasema kuna muuguzi mmoja alitaka kumuua usiku, na alimtaja. Sisi tulimjibu kila mara "baba, yule ndiye aliyekuokoa", mwisho akaacha kuongea na sisi kabisa. Analala sebuleni, taa inawaka, mlango wazi. Kliniki hataki kusikia. Tufanyeje?

Muuguzi_Pangani

Pole sana kaka. Mlimjibu kwa upendo, ila kwake ilikuwa kama kuambiwa ni mwongo. Msimbishie, na pia msimkubalie kwamba muuguzi alitaka kumuua. Kati ya hayo kuna njia: "Baba, usiku ule ulikuwaje? Uliogopa sana?" Hofu yake ilikuwa ya kweli asilimia mia, hata kama muuguzi alikuwa anambadilisha shuka. Mwanzieni hapo.

Taa na mlango wazi, mwacheni navyo kwa sasa.

Kliniki asipelekwe kwa ajili ya "akili", hatakwenda. Ana presha au sukari? Basi yule anayempimia presha ndiye daktari wake wa familia, hata kama ni tabibu wa zahanati. Mtangulie wewe, mweleze tabibu kabla kwamba mzee alikuwa ICU na haya yanamsumbua. Siku akienda kupima, tabibu amuulize mwenyewe. Wazee wengi wakiulizwa na mtu wa koti jeupe kwa heshima, mlango ukiwa umefungwa, wanasema. Wanachongoja ni kuulizwa.

Kitu kingine. Huku kwenye ICU nyingi kuna daftari la mgonjwa, lilianzia nchi za Skandinavia. Kila siku muuguzi au ndugu anaandika mistari michache: leo umebadilishiwa mpira, leo dada yako amekuja, ulikuwa na homa, ulijaribu kuamka tukakufunga mikono usijiumize, samahani. Mgonjwa akipona anapewa. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 352 kwenye ICU 12 za Ulaya, waliopewa daftari waliopata ugonjwa mpya wa kiwewe walikuwa 5 kwa mia, wasiopewa 13 kwa mia. Daftari la shule linatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Mwana_wa_Tukuyu

Sisi hatukuandika chochote. Imeshapita miaka. Linaweza kuandikwa sasa?

Muuguzi_Pangani

Linaweza, ila si kitu kile kile kilichopimwa kwenye jaribio, nisikudanganye. Kaeni ndugu wote mliokuwepo, kila mtu alete anachokumbuka: simu mlizopigiana, ujumbe wa WhatsApp wa siku zile una tarehe na saa, risiti za dawa zina tarehe, fomu ya kuruhusiwa ina tarehe. Panga siku kwa siku. Andika kwa kumwambia yeye, "baba, siku hii ulikuwa...". Pasipojulikana acheni wazi, msijaze kwa kubuni, maana amechoka na mambo ya kubuni. Muulize kama anataka. Asipotaka, liwekwe mpaka atakapolitaka.

Dr_Kijijini

Nimerudi. Nimesoma yote, na Ruzizi amenikalisha chini kidogo na hiyo kamba yake.

Kituoni kwetu Alhamisi ni kliniki ya presha na kisukari, watu wale wale wanarudi kila mwezi, kwa hiyo pale angalau kuna wagonjwa ninaowajua. Naweza kumwomba muuguzi wa mapokezi aongeze swali moja wakati anapima presha: umewahi kulazwa ICU? Akijibu ndiyo, tunamuuliza na usingizi. Sina mtu aliyefunzwa kwa hayo masimulizi, lakini nina muuguzi mmoja aliyesomea afya ya akili anayetumika kutoa sindano. Nitazungumza na mganga mfawidhi. Kama una muhtasari wa maswali kwa Kiswahili naomba unitumie PM.

Muuguzi_Pangani

Nitautuma kesho nikitoka zamu. Ni maswali machache: ndoto na picha zinazojirudia, kukwepa, kushtuka, kujiona umebadilika au huwezi kuhisi furaha, na tangu lini. Mwisho swali la kujiua, na hilo liulizwe wazi wazi, kuuliza hakumpi mtu wazo hilo.

Akijibu ndiyo kwenye hayo ya mwanzo, siku hiyo mweleze tu ni nini na mpe tarehe ya kurudi. Na namba ya simu iandikwe kwenye kadi, ya kwake na ya mtu wa nyumbani.